Kambare Waliotembea Hadi Lamboni

Kambi ya Lambo,
Mungaa,
Singida.
18 Januari, 1970.

Mpendwa Shangazi Raheli,

Shikamoo, shangazi. Nakuandikia nimekalia karai lililogeuzwa, karatasi iko juu ya goti, kwa hiyo ukiona mistari inapanda na kushuka kama milima ya kwetu Iramba, usidhani nimekunywa. Habari za nyumbani? Kifua chako kinaendeleaje na baridi hii ya mvua? Ziwa limepanda huko Kitangiri? Na Isaka mdogo wangu, mguu wake umepona au bado anausingizia wakati wa kulima? Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Uchovu tu, na uchovu siuhesabu kuwa ugonjwa.

Barua yako ya wakati wa mavuno niliipata, nikaisoma mpaka mikunjo ikachanika. Kuchelewa kujibu si jeuri. Mtu aliyeshika sururu kutwa, jioni vidole havikunjuki, na lile darasa la tatu langu unalijua. Lakini leo hata vidole vikatae nitaandika, maana nina habari, nami nimezibeba siku hizi kama mtu aliyebeba maji kwa viganja.

Nianze na kazi. Tangu kiangazi tunachimba lambo la kijiji kipya cha ujamaa. Tunachimba bondeni, udongo tunaubeba kwa makarai na kuupandisha kwenye ukuta, ukuta tunaushindilia kwa magogo, ili mvua ikija maji yakwame pale yasikimbie. Wenyeji huja kwa zamu na nyimbo zao. Sisi vibarua wa kutoka mbali tuko kila siku, na hatuimbi sana. Mgongo wangu ukiuona, shangazi, utasema ni wa marehemu babu.

Chakula ni ugali wa uwele na mlenda. Jumatatu mlenda, Jumapili mlenda. Samaki nilikuwa sijamwonja tangu nitoke kwetu, maana hapa watu ni wa ng'ombe, na samaki kwao ni mnyama wa kusimuliwa. Siku moja nikawaambia kwamba kwetu tunakula kambare. Wakauliza akoje. Nikawaeleza kwa ukweli wote: hana magamba, ngozi yake inateleza, ana ndevu, anapenda tope, na akitaka anatoka majini anatembea. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Mnyiramba, huyo umemtaja nyoka, umesahau jina tu." Tangu siku hiyo jina langu kambini likawa Mla-Nyoka.

Ulikuwa utani, na utani wa hawa Wanyaturu wa hapa kwetu unaujua. Ila huu ulikuja kunikalia vibaya.

Shangazi, nimepata mtu. Anaitwa Theresia, binti wa Mzee Mughwai wa hapa hapa Mungaa. Alikuja kwa zamu kubeba udongo. Siku ya kwanza nilimjazia karai kidogo kwa kumhurumia. Akalimwaga miguuni pangu akasema, "Jaza kama unavyowajazia wengine. Au nikuazime nguvu?" Nikajaza. Tangu hapo usingizi wangu haukukaa sawa.

Nikamtuma Alute awe mshenga. Alute ni mwenyeji, tunashindilia ukuta pamoja, ana maneno mazuri na subira ya punda. Mzee Mughwai alimpa kigoda, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Kijana ni mchapakazi, nimemwona kwa macho yangu. Lakini mwanangu aende kupika nyoka kwa watu?" Hakukataa, hakukubali. Alute akarudi tena, akapewa kigoda kilekile na maneno yaleyale. Nikabaki kama mtu aliyebisha hodi asiambiwe karibu wala nenda zako.

Mama yake ni Mama Anastazia. Alinitazama tu kila alipopita, nami sikujua nimwamkie kama mama wa watu au nimkimbie kama mkwe. Mara nyingine nilifanya yote mawili, nikaamkia huku nakimbia.

Kisha mvua ikaja. Ungeona siku hiyo! Maji yalishuka bondeni mekundu, yakaupiga ukuta wetu, ukuta ukakaa. Watu wazima walipiga magoti wakanawa nyuso. Ng'ombe waliingia mpaka tumboni wakakataa kutoka. Kumbuka watu hawa wamehama makazi yao ya zamani wakaja kijiji hiki kwa ahadi ya maji hayo. Mimi nililia kidogo, nikamwambia Alute ni mvua.

Sasa sikiliza yaliyofuata.

Upande wa juu wa lambo kuna dimbwi la matete ambalo kiangazi hubaki tope tupu. Wazee wa hapa walijua kuna kitu ndani ya tope lile, wakakiacha na tope lake. Baada ya Krismasi mvua ilinyesha mfululizo, dimbwi likafurika. Kambare wakasikia maji mapya yako chini, wakatoka. Unajua wanavyotembea: anajishikiza kwa miiba ya mapezi, anajipinda huku na huku, ndevu mbele kama kipofu na fimbo yake. Asubuhi nyasi zote zilikuwa zimelowa, nao wakateremka juu ya nyasi, kundi zima, wakielekea lamboni kama watu waliosikia kuna kijiji kipya.

Waliowaona kwanza ni wanawake waliokuja kuteka maji. Mitungi ilivunjika pale, shangazi. "Nyoka! Nyoka wenye ndevu!" Wachungaji wakaja mbio na fimbo, wakawapiga waliowakuta njiani. Wengine wengi wakawahi kutumbukia lamboni, na hilo ndilo lililowatisha watu zaidi, kwamba nyoka wameingia kwenye maji ya kunywa.

Hapa wana desturi kwamba nyoka akiuawa karibu na mahali watu wanapokaa, lazima achomwe awe majivu, asije mwenzake akamfuata. Basi wakakusanya waliouawa, wakawasha moto wa kuni za mgunga, makaa yakakolea, wakawatupia juu, wakasimama kando kusubiri nyoka waishe. Kambare wabichi! Wanono! Juu ya makaa ya mgunga! Mafuta yakaanza kudondoka. Moshi ukabadilika. Wewe unaujua ule moshi.

Mimi nilikuwa kambini nafunga kamba za viatu. Harufu iliponifikia nilidhani niko jikoni kwako. Nilikimbia na kiatu kimoja.

Nilikuta watu wameuzunguka moto. Kila mtu anameza mate, na kila mtu amemkasirikia jirani yake. Mzee mmoja akafoka, "Nani ameleta nyama hapa?" Hakuna aliyeleta nyama. Mbwa wa Mzee Mughwai akapita katikati ya miguu, akanyakua mmoja, akamla mpaka fuvu, akarudi kuomba mwingine.

"Mbwa huyu nyoka hali," akasema Alute taratibu.

Nikacheka. Nilikosea kucheka, maana watu walikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hapendi kuchekwa. Mchungaji mmoja akaninyooshea fimbo. "Ni huyu! Mla-Nyoka ndiye aliyewaleta, amewatoa kwao kwenye gunia!" Wanawake wakasema maji hayo hawatayanywa kamwe. Mwingine akasema afadhali turudi kwenye mahame yetu, huko angalau kiu ni ya kawaida. Wengine wakaanza kweli kuondoka. Nikautazama ukuta ule, nikajitazama viganja, nikaona kazi yote inabaki ya ng'ombe na vyura.

Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Melkizedeki, ana mwili mdogo na sauti ya ngoma. Akapanda juu ya ukuta. "Ndugu wananchi! Lambo tumelichimba kwa jasho letu. Hatuwezi kuwaachia nyoka, na hatuwezi kuwakimbia samaki. Ni lazima tujue hawa ni akina nani." Akanigeukia. "Wewe unasema ni chakula. Haya, kula. Kula hapa hapa, sote tukuone. Jua likifika utosini na bado umesimama, wanawake watateka maji."

Shangazi, hakuna amri niliyopata kupewa kambini ikanifurahisha kama hiyo. Nikachagua mmoja mnono, nikampuliza majivu, nikamenya ngozi ya mgongo. Nyama nyeupe ikatoa mvuke. Nikainua macho ili wanione vizuri.

Mbele yangu kabisa, katikati ya wanawake, amesimama Mama Anastazia.

Wewe ndiye uliyenifunza: mwanamume hafungui kinywa kula mbele ya mama mkwe wake, afadhali ashinde na njaa. Kwa hawa ni vivyo hivyo, tena wao wanakaza kuliko sisi. Sasa mimi ni nani kwake? Nikila mbele yake na kijiji kizima kinaona, nimetangaza kwamba huyu si mkwe wangu, posa nimeitupa. Nisipokula, watasema mwenyewe anamwogopa nyoka wake, na lambo limekwisha. Na nikisema siwezi kula kwa sababu mkwe yuko hapa, Mzee Mughwai ataniuliza mkwe gani, nani amekupa mke?

Samaki alikuwa ananiunguza. Nikamhamishia mkono wa pili. Nikamrudisha wa kwanza.

"Mwoneni! Anatetemeka!" akasema yule mchungaji. "Nyoka amemkumbuka!"

Watu wakacheka vibaya. Theresia alikuwa ubavuni mwa mama yake, ameuma kidole. Yeye hakucheka. Alijua nilipokwama, kwa sababu alinitazama, akamtazama mama yake, akashusha macho chini.

Ndipo Mama Anastazia alipotua mtungi wake. Aligeuka akanipa mgongo, akashika upande wa kaniki yake akajifunika kichwa na uso mpaka kifuani, akaketi chini kwenye nyasi zilizolowa. Hivyo ndivyo wanavyojifunika wanawake wa hapa mkwe anapopita njiani.

Wanawake ndio walioelewa kwanza. Mmoja akapiga kigelegele kifupi akajiziba mdomo. Sisi wanaume tulichelewa, kama kawaida yetu.

"Anastazia," akasema Mzee Mughwai, "unajifunikia nini? Hapa hakuna mkwe wako."

"Nimekwisha kujifunika, baba Theresia," sauti ikajibu kutoka ndani ya kaniki. "Unataka nijifunue mbele ya watu wote hawa?"

Kicheko kilianzia kwa wanawake kikazunguka lambo zima. Mwanamke akishajifunika kwa ajili ya mtu, kumwambia ajifunue ni sawa na kusema binti yake amekataliwa hadharani, na hakuna baba wa hapa atakayelisema hilo mbele ya kijiji. Mzee Mughwai alimtazama mkewe chini pale, maji yanapanda kwenye nguo yake. Akanitazama mimi na samaki wangu na kiatu changu kimoja.

"Kula, kijana," akasema. "Usimkalishe mkwe wako kwenye maji."

Nikala. Shangazi, nilikula nikiwa nimesimama, mafuta yanashuka mpaka kwenye kiwiko, machozi yananitoka, na safari hii sikusingizia mvua. Kila nikimeza watu wanatazama koo langu. Nilipofika katikati, mkono ukatoka nyuma ya kaniki, kiganja wazi.

"Theresia, mwambie huyo mtu nisiyemwona asimalize mkia."

Theresia akaja akauchukua mkia kutoka mkononi mwangu, akampelekea mama yake. Mama Anastazia akala humo humo ndani ya kaniki. Tukangoja. Kaniki ikatikisika kidogo.

"Chumvi," akasema. "Chakula kimekosa chumvi tu."

Basi! Hakuna aliyengoja jua lifike utosini. Melkizedeki alishuka ukutani akasema kama mwenyekiti ni wajibu wake kuhakikisha, akahakikisha wawili. Yule mchungaji aliyeninyooshea fimbo alitumia fimbo hiyo hiyo kutoa wake kwenye makaa. Wanawake waliteka maji asubuhi hiyo hiyo, kwa mitungi iliyosalia.

Usidhani wote wamekubali. Wako ambao hawali, nami siwalazimishi. Kila mtu na mdomo wake. Mzee Mughwai mwenyewe mpaka leo anakunywa maziwa yake na kugeukia pembeni. Na waliokubali nao wana yao. Jumapili iliyofuata wanawake waliwatia kambare chunguni bila kuwasugua ule ute, vyungu vikafura povu nyumba kwa nyumba. Theresia akaniletea salamu kwa mdomo wa Alute: "Mwambie tumepika mlenda wenye macho. Sasa tufanyeje?" Nikamtuma Alute na majivu na maelezo ya maji ya moto, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Kuwakausha kwa moshi sikuthubutu kueleza, hiyo ni kazi ya mikono yako.

Na ndilo ninalotaka kukuomba. Juzi Mzee Mughwai alimwita Alute, akampa kile kigoda, na mara hii maneno yalikuwa mengine. Amesema watu wangu waje baada ya palizi. Baba hayupo, unajua. Wewe ndiye uliyenilea, na mahali ambapo baba angesimama, nataka usimame wewe pamoja na Baba Mdogo Paskali. Pandeni basi mpaka Singida mjini, mnitumie habari, Alute atawapokea stendi awalete huku. Najua safari ni ndefu na kifua chako si kizuri. Ningekuwa na mwingine nisingekuchosha.

Jambo la kanisa lisikusumbue. Wao ni Wakatoliki, sisi Walutheri, lakini nimemwona padre wao na hakunifukuza. Theresia anasema Mungu ni mmoja, kambi ndizo nyingi.

Nikuambie na lililo gumu, maana sijazoea kukuficha. Kazi ya lambo inakaribia kwisha. Wenzangu wanapelekwa Mkiwa kuponda mawe ya barabara. Mwenyekiti amenikaribisha nibaki hapa niwe mwanakijiji, nipewe shamba kama wengine, nami moyo wangu umekubali. Kwa hiyo sitarudi Kitangiri kukaa, shangazi. Nitakuja kuwatembelea, lakini nyumba yangu itakuwa huku. Najua ulikuwa unanitengea kile kiwanja karibu na kwako. Mpe Isaka. Na usilie sana, au ulie kidogo kisha uje, uone niliko.

Mwili umechoka, hilo silikatai. Viganja vimekuwa magome. Lakini leo asubuhi nilikuwa nakwenda kukagua ukuta, nikamwona Mama Anastazia anakuja kwenye njia hiyo hiyo na mtungi kichwani. Sasa sina tena ruhusa ya kupishana naye, wala kumwamkia huku nakimbia. Nikaiacha njia mbio, nikazunguka kwa upande wa miiba, imenichana miguu yote miwili mpaka magotini, suruali nayo imepasuka. Nikakaa chini kuitoa miiba mmoja mmoja, nikawa nacheka peke yangu kama kichaa.

Nisalimie Baba Mdogo Paskali, mwambie aanze kutafuta koti. Nisalimie Damari na watoto wake, na bibi Luciana, na Isaka huyo wa mguu. Jirani zetu wote wa ufukweni uwape salamu zangu bila kumruka mtu, hata wale tuliogombana nao juu ya nyavu.

Mungu akulinde, akutulizie kifua, awape mvua ya kiasi na ziwa lenye ukarimu. Nakungoja kwa macho yote.

Ni mimi mwanao nikupendaye daima,
Naftali